Kesi ya Mtetea Aliyewika

Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Juni, nyumbani kwa bibi mkoani Singida. Alfajiri moja mtetea mwekundu alipanda juu ya kinu kilicholazwa kando ya jiko, akanyoosha shingo, akawika. Sauti yake ilikatikia njiani kama ya mvulana anayebalehe, lakini kila aliyekuwa uani aliisikia. Bibi alitoka na kisu kabla chai haijachemka. Mtetea akiwika anaita msiba, na mwenye nyumba anayemwacha hai anajitakia. Mchana tulimla kwa ugali wa uwele, firigisi ikaenda kwa babu kama ilivyo ada, na mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Kuku yule nilikuwa nikimlisha pumba kwa mkono wangu. Niliuliza amekosa nini, nikaambiwa mtoto haulizi mambo hayo. Jibu nimekuja kulipata ukubwani, na tangu hapo kila ninaposikia mnyama wa nyumbani ameitwa mchawi, mkaidi, mwizi au mwendawazimu, hujiuliza kama yupo aliyemsikiliza kabla ya kumhukumu.

Kuku jike huanza maisha ndani ya yai akiwa na ovari mbili, ila inayokomaa na kufanya kazi kwa kawaida ni ya kushoto. Ya kulia hubaki kipande kidogo kisicho na shughuli. Ikitokea ile ya kushoto ikaharibiwa na maradhi au uvimbe, homoni za kike hushuka mwilini, na kile kipande cha kulia kinaweza kuamka na kuanza kutoa homoni za kiume. Kuku yuleyule aliyelea vifaranga msimu uliopita huota upanga mkubwa kichwani, hupata kipi mguuni, huacha kutaga, na huwika. Ni mgonjwa. Hajatumwa na mtu.

Ipo sababu nyingine, nyepesi zaidi, na ndiyo ninayoamini ilimpata kuku wa bibi. Kundi likikosa jogoo, mtetea aliye juu ya wenzake wakati mwingine hushika zamu: hutembea kifua mbele, huwakemea wengine, na mara mojamoja huwika. Jogoo wa pale nyumbani alikuwa amechinjiwa wageni wa posa siku chache kabla. Nafasi ile tuliiacha wazi sisi wenyewe, kisha tukamchinja aliyeijaza.

Wala tusidhani hukumu za namna hii ni za vijijini kwetu tu. Mwaka 1474, katika mji wa Basel, Uswisi, jogoo alifikishwa mahakamani kwa kosa la kutaga yai. Watu wa zama zile waliamini kwamba yai la jogoo likianguliwa hutoka joka linaloua kwa kukutazama. Jogoo akatiwa hatiani, akachomwa moto hadharani pamoja na yai lake. Ukishayajua ya ovari ya kushoto, unaona kwamba yumkini yule mshtakiwa alikuwa mtetea mgonjwa aliyeota upanga, na siku hiyo mwili wake ulipata nguvu ya kutaga yai la mwisho.

Jogoo halisi naye ana kesi zake. Akiwika usiku wa manane, wapo wanaosema ameona kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, wasijue usiku wala mchana, na majogoo wakaendelea kuwika kila ulipokaribia wakati wa alfajiri. Saa wanayo mwilini. Kiswahili kililijua hilo siku nyingi, ndiyo maana tukisema mtu amekesha mpaka majogoo tunataja saa. Utafiti ule ulionyesha pia kwamba mwanga au sauti ya jogoo mwingine huweza kumchokoza awike nje ya wakati. Kwa hiyo anayewika saa sita usiku mjini, mara nyingi ameona taa ya gari ikipita dirishani mwa banda, au amemjibu jogoo wa jirani. Miaka miwili baadaye watafiti wa kundi hilohilo wakabaini kwamba jogoo mwenye cheo ndiye anayeanza, walio chini hungoja zamu zao, na ukimwondoa mkubwa, wa pili yake hushika uanzishaji.

Cheo hicho cha kuku kilianza kuandikwa kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway, ambaye tangu utotoni alikuwa akikaa na kuku wa nyumbani kwao akiandika nani kamdonoa nani. Aligundua kwamba kila kuku anajua anayeweza kumdonoa na anayepaswa kumpisha, na ngazi hiyo ikishapangika, fujo hupungua bandani. Wahenga wetu hawakuandika daftari, lakini walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Anayeachiwa bila kamba hukimbia, maana ngazi imeshajaa na yeye anaanzia chini kabisa, akidonolewa na kila mmoja. Mfugaji anayeijua siri hii hamtupi kuku mpya katikati ya kundi mchana kweupe. Humtenga nyuma ya wavu siku kadhaa waonane, kisha humwingiza jioni wenzake wakiwa wamelala, na huongeza vyombo vya chakula ili mnyonge apate pa kukimbilia. Na ukimwona kuku anajigaragaza kwenye vumbi kama mwenye kifafa, mwache. Anaoga. Vumbi lile huondoa mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na kupunguza chawa na utitiri, na kuku aliyenyimwa vumbi hujaribu kuoga hata kwenye sakafu ya saruji tupu.

Sasa nije kwa punda, kwa sababu hakuna mnyama tuliyemwonea kama huyu.

Miaka miwili iliyopita, nje kidogo ya mji wa Singida, nilimkuta punda amesimama na mkokoteni wa madumu ya maji mahali ambapo mafundi walikuwa wamelaza bamba la chuma juu ya mtaro. Kijana mwenye mkokoteni alikuwa anampiga fimbo za mgongo, punda anafumba macho tu, miguu haitoki. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama.

“Mwanangu, hebu weka fimbo chini kwanza. Masikio yake yanaelekea wapi?”

“Shikamoo mzee. Yanaelekea kule mbele, kwenye chuma.”

“Marahaba. Basi tatizo liko kwenye chuma, haliko mgongoni.”

Mzee akaazima koleo la mafundi, akamwaga udongo juu ya bamba mpaka mng’ao ukafichika. Punda akainamisha kichwa, akanusa, akagusa kwa kwato moja, akavuka. Hatukumaliza dakika tano.

Punda ni mtoto wa bara hili. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba alianza kufugwa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, na babu zake, punda mwitu, bado wapo wachache katika Pembe ya Afrika, kwenye nchi kavu yenye mawe. Farasi ni mnyama wa nyika tambarare na makundi makubwa, na akishtuka hukimbia. Punda mwitu akikimbia ovyo juu ya mawe atavunjika mguu, na hana kundi kubwa la kujificha ndani yake. Maisha yale yalimfundisha kusimama kwanza, kupima, kisha kuamua. Macho yake yako kando ya kichwa, anaona karibu mzunguko mzima, lakini kilicho mbele kabisa ya paji la uso wake hakioni, wala kilicho nyuma ya mkia. Bamba linalong’aa mbele ya miguu yake linaweza kuwa maji yasiyo na kina kinachojulikana. Tunauita ukaidi, nami nauona ni uangalifu ambao madereva wengi wa barabarani wangefaa kuwa nao.

Na yale mateke? Methali inayosema shukrani ya punda ni mateke ilitungwa kuwaasa binadamu wasio na fadhila, na kwa kazi hiyo inafaa. Punda mwenyewe imemsingizia. Anayepigwa teke mara nyingi ametokea nyuma, kwenye lile eneo ambalo punda haoni, bila kusema neno. Mpitie ubavuni, usawa wa bega, ukiongea naye, na aghalabu hutaliona teke hilo maisha yako yote.

Kuna jambo zito zaidi. Punda huficha maumivu. Alirithi tabia hiyo porini, ambako anayechechemea ndiye anayechaguliwa na simba. Kwa hiyo punda aliyezubaa, aliyeinamisha kichwa na kuacha chakula, hajachoka kidogo, amezidiwa. Punda pia hushikana wawiliwawili kwa urafiki wa kudumu, na ukimuuza mmoja, aliyebaki anaweza kugoma kula mpaka mafuta ya mwili yakajaa kwenye damu na kumuua. Madaktari wa punda hushauri kwamba mmoja akifa, mwenzake aachwe karibu na mzoga kwa muda aunuse na kuelewa kilichotokea. Kisiwani Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na mzigo mwingi wa mji umebebwa na punda, ipo kliniki yao tangu mwaka 1987. Mikoa yetu ya kati, yenye punda wanaotubebea maji kila siku, inastahili za kwake.

Alichokifanya mzee yule kwa koleo ndicho kilichomjengea jina Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani. Grandin ana usonji, na anasema hufikiri kwa picha badala ya maneno. Katika miaka ya 1970 alikuwa akiingia mwenyewe ndani ya vichochoro vya kupitishia ng’ombe, akichuchumaa usawa wa macho yao na kupiga picha, ili ajue kwa nini wanagoma. Alikuta vitu ambavyo mchungaji aliyesimama juu ya uzio hawezi kuviona: mnyororo unaoning’inia, koti la njano lililotundikwa kwenye uzio, kivuli kinachokata njia, dimbwi linalometameta. Ukiondoa kile kitu kimoja, kundi lote linapita bila bakora.

Kila msimu wa kuogesha mifugo tunaona ng’ombe wakigoma mdomoni mwa josho, na vijana wakiwapinda mikia mpaka mifupa inalia. Ningeomba anayesimamia josho ajaribu kitu kisichogharimu hata shilingi: siku moja kabla, apite njia ile ya ng’ombe akiwa ameinama, aangalie mwanga unatokea wapi.

Macho ya mbuzi nayo yanatisha wengi, zile mboni zilizolala kama tundu la kutumbukizia sarafu. Mwaka 2015 Martin Banks na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilinganisha aina 214 za wanyama wa nchi kavu, wakaona mboni ya mlalo iko zaidi kwa wale wanaowindwa. Inawapa upana wa kuona pande zote na kupunguza mng’ao wa jua la juu. Mbuzi akiinama kula, jicho lake huzunguka ndani ya kichwa kwa digrii 50 au zaidi ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Ukimwona mbuzi malishoni, kumbuka kwamba hata akila yuko zamu.

Watoto hupenda kumwona beberu “akicheka”: ananusa mkojo wa jike, anainua kichwa, anakunja mdomo wa juu na kubaki hivyo kama aliyesikia kisa. Fahali na punda dume hufanya vilevile. Kwenye kaakaa beberu ana vitundu vinavyopeleka harufu kwenye kiungo cha pekee, kilichopewa jina la Ludwig Jacobson, daktari wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kukunja mdomo anaivuta harufu ile ifike huko, naye anajua kama jike yuko tayari kupandwa. Mfugaji akiona hivyo, naye amepata habari bila kumwita mtaalamu.

Ng’ombe anayetafuna mifupa ana kisa kirefu. Nimesikia wafugaji wakisema ng’ombe wa namna hiyo amelogwa, maana mla majani anatafutaje mzoga? Afrika Kusini, miaka mia moja na ushei iliyopita, maelfu ya ng’ombe walikuwa wakilegea viungo na kufa, na Arnold Theiler, daktari wa mifugo mzaliwa wa Uswisi aliyeanzisha kituo cha Onderstepoort, akaenda kuwachunguza. Alikuta mnyororo wa mambo. Udongo wa kule ulikuwa na upungufu wa fosforasi, majani yakakosa, ng’ombe wakakosa. Mwili unaokosa fosforasi hudai mfupa, kwa kuwa mfupa umejaa madini hayo. Ng’ombe wakawa wanatafuna mifupa ya mizoga iliyooza, na humo mlikuwa na bakteria wanaotoa sumu inayolegeza misuli mpaka pumzi inakatika. Walipopewa unga wa mifupa uliotengenezwa kwa usalama, waliacha mizoga na vifo vikapungua.

Kwa hiyo ng’ombe wako akilamba ukuta, akila udongo, akitafuna kandambili au mfupa, anakusomea orodha ya kinachokosekana. Mpe jiwe la chumvi lenye madini, fukia au choma mizoga, mwite mtaalamu wa mifugo. Usingoje, maana leo mijini kilichozagaa ni mifuko ya plastiki, waya na misumari, na hivyo vikishuka tumboni mwa mwenye kucheua havirudi. Msumari husogea mpaka ukatoboa ukuta wa tumbo kuelekea moyoni.

Na yule ng’ombe wa kienyeji anayebana maziwa ndama asipokuwepo? Kina mama wakamuaji wamemlaumu kwa uchoyo, lakini wao wenyewe ndio wanaoijua dawa: ndama anyonye kidogo kwanza, kisha afungwe mbele ya mama yake amlambe. Maziwa hayateremki kwa kuvutwa chuchu tu. Ubongo lazima utoe homoni iitwayo oksitosini, na kwa ng’ombe wetu wenye nundu, harufu na mguso wa ndama ndio unaoifungulia. Kelele, kipigo, mbwa anayebweka au mkamuaji mgeni huileta homoni ya woga, na mlango unafungwa. Anayempiga ng’ombe abanaye maziwa anazidi kuufunga kwa mikono yake.

Mbwa anahukumiwa kwa sura. Mwenye nyumba anarudi, anakuta kandambili imetafunwa, anamwangalia mbwa: masikio yamelala, mkia uko katikati ya miguu, macho yanakwepa. “Ona, anajua kosa lake!” Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, aliwajaribu mbwa 14 nyumbani kwa wenyewe. Mara walikula kilichokatazwa, mara hawakukigusa, na mabwana zao nyakati nyingine walidanganywa kama mbwa kala au hakula. Ile sura ya hatia haikufuata kosa, ilifuata makaripio, na miongoni mwa waliokaripiwa, wasiokosa ndio walioionyesha zaidi. Ile ni sura ya anayeomba usimuumize. Ukimpiga jioni kwa kosa la asubuhi, anachojifunza ni kwamba mlango ukifunguliwa kipigo kinaingia.

Paka hana subira ya kueleweka, lakini hata yeye anasema. Anayekukanda kwa nyayo mapajani anarudia alichokuwa akikifanya kwenye ziwa la mama yake ili maziwa yatoke. Anayekutazama akifumba macho taratibu anakuambia hana wasiwasi nawe. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba binadamu akimfanyia hivyo, paka naye hujibu na husogea karibu zaidi. Jaribu leo usiku.

Hapa lazima niache upole, kwa sababu upo ugeni wa tabia usiofaa kusubiriwa. Mbwa mpole anayeanza kuuma ovyo, au mkali anayekuwa mpole ghafla, anayetokwa na ute, asiyeweza kumeza, aliyebadilika sauti, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ng’ombe, mbuzi, punda na paka nao huupata. Ng’ombe hulia mfululizo na kujikamua kama anayetaka kunya, na mfugaji akidhani amekabwa huingiza mkono mdomoni mwake, kosa linaloweza kugharimu maisha. Ukiumwa au kulambwa kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo. Usisubiri kuona mnyama atakuwaje. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani wameupata kwa mbwa, ndiyo maana kumchanja mbwa wako ni kumchanja mtoto wa jirani.

Wanyama nao wanatusoma, pengine kwa bidii zaidi yetu. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, farasi aitwaye Hans alikuwa akijibu hesabu kwa kugonga kwato, mpaka tume ya wataalamu ya mwaka 1904 ikashindwa kuona ujanja. Mtafiti Oskar Pfungst ndiye aliyegundua siri: Hans hakujua hesabu. Alikuwa akimwangalia muulizaji, na kwato ilipofika kwenye jibu sahihi, kichwa cha muulizaji kilitikisika kidogo mno bila mwenyewe kujijua, na Hans akasimama hapo. Muulizaji asiyelijua jibu, Hans alimkosea. Watu walitumia miaka kujiuliza kama farasi anaweza kuhesabu, huku farasi akiwasoma mpaka mitikisiko wasiyoijua wao wenyewe.

Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomfanya anayemtesa mnyama awe ndiye mshtakiwa. Wengi wenye fimbo mkononi hawajaisikia. Maofisa mifugo wa kata waisome kwenye mikutano ya vijiji, kwa lugha nyepesi, na walimu waipeleke darasani.

Nawe msomaji, kesho asubuhi kaa dakika kumi uani kwako bila simu, uangalie masikio ya mnyama wako yanaelekea wapi. Na siku mtetea wako akiwika, kabla hujanoa kisu, angalia kwanza kama jogoo yupo.